Sahani ya Joyce na hesabu ya 730: je, ndoto za Buffy huona mbele?

Msichana anaota mama yake akimuuliza kama kweli anadhani yuko tayari, kisha sahani inamponyoka mama na kuvunjika. Baadaye, akiwa macho jikoni kwao, anaomba ruhusa ya kuchukua leseni ya udereva. Mama anamuuliza swali lile lile kwa maneno yale yale. Sahani inamponyoka, inavunjika.

Tukio hili limo katika "Surprise", sehemu ya tamthilia ya Marekani Buffy the Vampire Slayer iliyorushwa tarehe 19 Januari 1998. Ndilo ambalo wapenzi wa tamthilia hiyo hulitanguliza wanapotaka kuthibitisha kwamba ndoto za Buffy Summers ni utabiri. Kwa maoni yangu wanatanguliza ushahidi dhaifu kuliko wote walio nao. Sahani ile ni arubuni tu. Deni lenyewe liliandikwa mwaka uliofuata, kwa tarakimu tatu, na likalipwa karibu siku ile ile lililoahidiwa.

Kwa ambaye hakuifuata: ilianza tarehe 10 Machi 1997, ikaenda misimu saba na sehemu 144, ikafungwa tarehe 20 Mei 2003. Buffy ni mteule wa kuua vampaya. Hao ni wanyonya damu wafu wa hadithi za Ulaya, si mumiani wetu wa pwani, ambaye siku zote alisimuliwa kama mtu hai mwenye kazi ya watu. Ana nguvu kupita wanaume kumi, anapona majeraha upesi, anaishi maisha mawili kwa siri. Wapo wanaobisha kumwita supahiro eti kwa sababu havai joho. Tuwaachie joho lao. Katika vipawa vyake vyote, ndoto ndicho kinachozungumzwa kidogo mno, na ndicho mtunzi Joss Whedon na wenzake walikichezea kwa ufundi mkubwa zaidi.

Msomaji aliyekulia kwenye Kiswahili ana faida hapa, kwa sababu hatuna mazoea ya kuzitia ndoto zote kwenye kapu moja. Waliosoma madrasa wanajua mgawanyo wa tatu: ruya njema ambayo ni bishara kutoka kwa Mola, ndoto ya shetani ya kumhuzunisha mtu, na yale ambayo nafsi ilishinda ikijisemea mchana kutwa. Uchukue mgawanyo huo uupeleke Sunnydale, mji wa kubuni wa Buffy, utashangaa jinsi unavyokaa.

Ya shetani ipo waziwazi. Katika "Amends", ya Desemba 1998, adui aitwaye First Evil anampandikizia Angel, vampaya aliyerudishiwa roho yake, ndoto za maovu aliyoyatenda zamani ili amvunje moyo, na Buffy anajikuta ndani ya ndoto hizo hizo. Hakuna kesho yoyote mle, ni silaha. Ya nafsi nayo ipo: katika "Restless", sehemu ya mwisho ya msimu wa nne, Xander, rafiki wa Buffy, anazunguka kila mahali na kila mlango unamrudisha kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake, alikokwama kimaisha. Huyo hahitaji mwaguzi, anahitaji kazi na chumba cha kupanga.

Kuna na aina ya nne, ambayo huwapoteza watazamaji wengi: ndoto ya sasa hivi. Msimu wa saba, katika "Beneath You", Buffy anaota msichana anakimbizwa na kuuawa huko Frankfurt, anashtuka akisema wako wengine kama yule na watakufa. Watu huiandika kwenye orodha ya utabiri. Lakini alichokiota kinatendeka usiku ule ule upande wa pili wa dunia. Kilichohusu kesho, kwamba wengine watafuata, ni hitimisho lake alipoamka. Mtu anayeona mbali si lazima awe anaona mbele.

Sasa turudi kwenye "Surprise" tuifungue ndoto ile kipande kwa kipande, kwa sababu watu huikumbuka sahani na kusahau vingine. Yumo Drusilla, vampaya ambaye Buffy aliamini ameshakufa. Yumo Willow, rafiki wa Buffy, ameketi na nyani mdogo, akisema kwa Kifaransa kwamba kiboko ameiba suruali yake. Yumo mama, Joyce, na sahani. Mwisho yumo Angel, mpenzi wa Buffy, anayenyoosha mkono kumwelekea, kisha Drusilla anamchoma kwa nyuma kwa kijiti na anageuka vumbi, kama vampaya afavyo.

Ukihesabu: kuwa Drusilla yu hai ni kweli, na Buffy hakuwa na njia ya kujua. Hiyo ni alama kamili, ingawa tena ni habari ya sasa. Nyani na kiboko ni mabaki ya utani wa Oz, mwenzao wa shule, wa wiki chache nyuma, kuhusu biskuti za maumbo ya wanyama. Ni jana hiyo, haina kesho. Sahani ilitimia barabara. Kifo cha Angel hakikutimia kama kilivyoonekana. Drusilla hakumchoma. Angel alipoteza roho yake usiku uleule alipolala na Buffy, akaamka mtu mwingine, katili. Aliyekuja kumpitishia upanga, katika "Becoming" ya Mei 1998, alikuwa Buffy mwenyewe.

Hapo kuna kanuni inayojirudia katika misimu yote: kitu kidogo hutimia kwa herufi, kikubwa hutimia kwa kupinda. Watu huona kupinda huko kama udhaifu wa waandishi. Mimi naona ni ufundi wa makusudi. Mtazamaji akionyeshwa msiba mkubwa bila dhamana atasema ni jinamizi la kawaida, anageuza shavu la pili. Akishaiona sahani imevunjika mbele ya macho yake, hawezi tena kulipuuza lile la Angel. Na kwa kuwa anatazama upande aliko Drusilla na kijiti chake, pigo linamjia kutoka kitandani.

Ila tusidanganyane kuhusu thamani ya sahani. Swali la mama na jibu lake yaliandikwa ndani ya muswada mmoja, yakarushwa ndani ya saa moja. Mwandishi anayetabiri ukurasa wa 20 akiwa ukurasa wa 1 hajatabiri kitu. Ndiyo maana anayetaka kupima ndoto za shujaa yeyote wa televisheni apime kwanza umbali: ahadi ilitamkwa tarehe ngapi, ikalipwa tarehe ngapi. Inayolipwa ndani ya sehemu moja iwekwe pembeni. Inayovuka msimu iangaliwe kwa makini, kwa sababu kati ya misimu miwili kuna mikataba, kuna waigizaji wanaoondoka, kuna stesheni inayoweza kufuta kipindi kesho asubuhi. Kisha kila kitu ndani ya ndoto, jina, tarakimu, kitanda, kiulizwe: muotaji angeweza kukijua akiwa macho? Na yale ya "hatari inakuja" yasihesabiwe kabisa. Katika tamthilia yenye adui mpya kila msimu, hata mlinzi wa geti anaweza kutabiri hatari.

Kwa kipimo hicho, ndoto nzito kuliko zote imo katika "Graduation Day", sehemu ya pili, mwisho wa msimu wa tatu. Buffy yuko hospitali. Faith, mteule mwenzake aliyegeuka adui, yuko kitanda kingine hajitambui, baada ya Buffy kumchoma kisu. Wanakutana ndotoni, kwenye nyumba ya Faith, wakizungumza kama majirani wanaohama. Buffy anauliza kama hii ni akili yake au ya mwenzake. Faith anajibu kwamba hata yeye hajui. Kisha Faith anampa vitu viwili. Cha kwanza ni udhaifu wa Meya wa mji, adui wa msimu huo: ule wa kibinadamu, ambao hauishi hata mtu ageuke nini. Siku ya mahafali Meya anageuka joka kubwa, Buffy anamwonyesha kisu kilichomjeruhi Faith, na Meya, aliyempenda Faith kama binti yake, anamfukuza hadi ndani ya maktaba iliyojazwa baruti. Umeona arubuni? Imelipwa hapo hapo.

Cha pili kilisemwa kama kwa bahati mbaya: safari bado ni ndefu, na Little Miss Muffet anahesabu kurudi nyuma kuanzia 7-3-0. Buffy analalamika kwamba anapewa mafumbo.

Siku 730 ni miaka miwili. Asiyezoea kusoma ndoto namna hii akumbuke kisa cha Nabii Yusuf, ng'ombe saba walipokuwa miaka saba. Tarakimu ndotoni huwa muda. Little Miss Muffet ni mtoto wa kike wa wimbo wa watoto wa Kiingereza, anayeketi akila maziwa ya mgando hadi buibui anapomtisha. Kufikia hapo Buffy ni mtoto wa pekee. Hakuna mtoto mwingine wa kike popote katika nyumba ile.

Fuata uzi. Februari 2000, katika "This Year's Girl", Faith bado amepoteza fahamu, mwezi wa nane sasa. Anaota yeye na Buffy wakitandika kitanda, na inatajwa habari ya mdogo wa kike anayekuja, na kazi nyingi zilizobaki kabla hajafika. Tarehe 23 Mei mwaka huo, katika "Restless", zamu ni ya Buffy kuota. Anakitazama kitanda chumbani na kusema yeye na Faith wametoka kukitandika. Tara, mpenzi wa Willow, anamuuliza: kwa ajili ya nani? Hivyo ndoto aliyoota mgonjwa asiyejitambua, Buffy anaikumbuka kana kwamba alikuwapo. Halafu Tara anamwambia arudi kabla ya "Dawn".

Ukitafsiri neno hilo kwa Kiswahili utaandika "alfajiri", na utakuwa umetafsiri vizuri na kupoteza kila kitu, kwa maana Dawn ndilo jina la binti anayekuja. Hata mzungumzaji wa Kiingereza hakulinasa, kwa kuwa sikio halisikii herufi kubwa. Labda mfasiri angeomba ruhusa ya kumbatiza mtoto yule Alfajiri.

Tarehe 26 Septemba 2000 msimu wa tano unaanza, na mwishoni mwa sehemu ya kwanza Dawn yumo chumbani. Ni mdogo wake Buffy, na kila mtu anamchukulia kana kwamba alikuwepo siku zote. Wiki iliyofuata mgonjwa wa akili barabarani anamtazama na kutaja maziwa ya mgando na maji yake, kwamba anamjua yeye ni nini. Baadaye inafichuka kwamba watawa wa kale waligeuza Ufunguo wa kichawi kuwa msichana na kuwajaza watu kumbukumbu za uongo. Maana yake, wakati Faith anamtaja mwaka 1999, Dawn hakuwa tumboni wala duniani. Hakukuwa na mtu wa kumjua. Kipimo kikali zaidi ya hiki sikijui.

Na hesabu? Tarehe 22 Mei 2001, katika "The Gift", Buffy anajirusha kutoka juu ya mnara ili afe badala ya Dawn.

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa si lao. Anayefungua orodha ya tarehe za kurushwa atakuta "Graduation Day" ya pili ilitoka tarehe 13 Julai 1999. Kutoka hapo hadi kifo cha Buffy ni siku 679. Ndoto imekosea kwa siku 51! La hasha. Sehemu ile ilipangiwa tarehe 25 Mei. Tarehe 20 Aprili wanafunzi wawili walikuwa wamewaua kwa risasi wenzao 12 na mwalimu mmoja katika sekondari ya Columbine, Colorado. Stesheni ya WB haikuthubutu kurusha mahafali ya shule yanayogeuka uwanja wa vita na wanafunzi wenye silaha chini ya majoho, ikaiahirisha. Hesabu upya kutoka tarehe 25 Mei 1999, ukikumbuka kwamba Februari ya 2000 ilikuwa na siku 29: ni siku 728. Siku mbili za tofauti ni kwa sababu televisheni ya Marekani hufuata siku ya wiki, Jumanne kwa Jumanne, haifuati tarehe.

Kuna na saa. Ndani ya "Restless" Buffy anaiona saa ya kando ya kitanda ikionyesha saba na nusu kwa saa za Kizungu, yaani 7:30. Anasema muda umekwenda sana. Tara anamjibu kwamba saa hiyo imekosea kabisa. Imekosea kwa sababu mwaka mzima umeshaliwa. Zimebaki siku 364. Sijaona tamthilia nyingine iliyorekebisha hesabu yake yenyewe ndani ya ndoto, kwa saa ya mezani.

Mwenye shaka ana hoja mbili nzuri. Ya kwanza inatoka ndani ya hadithi, kwa Giles, mlezi na mwalimu wa Buffy. Katika "Surprise" anamwambia ndoto si utabiri, na anamkumbusha kwamba aliwahi kuota Master, vampaya mkuu, amefufuka, lakini Buffy mwenyewe akazuia. Giles ana haki nusu. Ndoto ya shujaa inaweza kuzuilika. Ile ya 1998 ilishindikana kuzuiwa kwa sababu walimlinda Angel dhidi ya Drusilla, wakati hatari ilikuwa upande mwingine. Maono hayakukosea, walinzi walikosea lango.

Ya pili inatoka nje: huenda waandishi walitupa tarakimu hewani, kisha miaka miwili baadaye wakaitafutia kazi. Kwa 730 peke yake ningekubali kwamba inawezekana. Lakini tarakimu haikuja peke yake. Ilikuja na mtoto wa kike, kisha kitanda, kisha jina, kila kimoja kimepandwa kabla Dawn hajaonekana, na vyote vikakutana kwenye mnara mmoja. Bahati haitandiki kitanda.

Wengine walijaribu njia nyepesi. Heroes, iliyoanza NBC Septemba 2006, inamfungua Peter Petrelli akiota anapaa. Anajirusha kutoka ghorofani, na anayepaa ni kaka yake, Nathan, aliyemdaka. Baadaye Peter anaota yeye mwenyewe akilipuka na kuiteketeza New York. Katika sehemu ya mwisho ya msimu, Mei 2007, analipuka kweli, lakini Nathan ameshampandisha juu angani. Mlipuko ulikuwa wa kweli, maangamizi ya jiji hayakuwa. Ni kupinda kwa namna ile ile, ila ndani ya msimu mmoja, mlipuko ukiwa umeshachorwa sakafuni na mchoraji mwenye maono tangu sehemu ya kwanza. Nia Nal wa Supergirl, aliyeletwa 2018 na kuchezwa na Nicole Maines, amerithi kipawa cha kuota kutoka kwa mama yake wa sayari ya Naltor. Mhusika mzuri, lakini kipawa chake mara nyingi hutumika kama simu: kesi imekwama, Nia analala, jibu linapatikana kabla ya matangazo. Ndoto inayolipwa jioni hiyo hiyo haimwachi mtazamaji na deni la kwenda nalo nyumbani.

Ndoto za Buffy zina mpaka mmoja ambao watetezi wake hawaupendi. Hayakuona ng'ambo ya sifuri ya hesabu ile. Mkataba na WB ulikuwa umeisha, kipindi kikahamia stesheni ya UPN, na tarehe 2 Oktoba 2001 Buffy alifufuliwa akachimbuka kaburini kwa mikono yake. Kati ya ndoto zote zile, kwa Faith, kwa Tara, hata kwa mteule wa kwanza aliyemwambia jangwani kwamba kifo ndicho zawadi yake, hakuna iliyodokeza kwamba angerudi. Aliambiwa siku ya kufa tu.

Na yule bwana wa jibini? Ndani ya "Restless" kuna mzee mwenye miwani anayewatokea waotaji wote wanne akiwa na vipande vya jibini. Whedon alishasema wazi kwamba hana maana yoyote. Amewekwa kwa sababu kila ndoto huwa na kitu kisichoelezeka. Bado kuna watu wanamfasiri.